Uko Mezani?

Macon, Georgia
9 Septemba 2010

Mdogo wangu Renelle,

Nimefika. Mama hajambo kiasi. Mkono wa kulia haujarudi tangu apatwe na kiharusi, lakini ulimi mzima: jana kaniambia uji wangu wa mahindi una mabonge, na kwamba mtu anayesomea uzamivu angepaswa kujua kukoroga. Kwa hiyo usihangaike. Nitakaa huku mpaka aweze kusimama mwenyewe, na tasnifu nitaiandikia huku huku. Si walimu wangu, wale ninaowaandikia tasnifu, wote wako Georgia? Wanawake weusi waliofukuzwa kazi siku shule za weusi na za wazungu zilipochanganywa, kwa sababu wazungu hawakutaka watoto wao wafundishwe nao. Waliobaki hai ni kumi na mmoja. Wakifa kabla sijawaandika, basi tena.

Sasa sikiliza utaratibu, maana nakujua. Ukiachwa peke yako utafua mapazia badala ya kuandika.

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, nitakupigia simu. Nitakuuliza, "Uko mezani?" Utajibu, "Niko mezani." Basi. Tunaiacha simu wazi, kila mtu anaandika saa mbili nzima huku akisikia vidole vya mwenzake. Soga hakuna. Ya moyoni tutaandikiana barua, kwa sababu ukianza kulia kwenye simu huandiki tena siku hiyo. Hatuulizani kurasa ngapi. Aibu tunazopewa na msimamizi wetu, Profesa Ridgeway, zinatosha. Na hatumpelekei kitu kibichi. Rasimu ya mwenzetu mzungu ikiwa mbaya wanasema rasimu mbaya. Ya kwako ikiwa mbaya, mbaya ni wewe.

La mwisho ndilo kubwa: humsemi dada yako mbele yao. Si kwa ubaya, si kwa wema. Unakumbuka yaliyompata Delphine. Tulimwonea huruma, tukamwambia mkuu wa idara kwamba halali, analia, aongezewe muda. Wakaandika kwenye faili lake kwamba hana uthabiti, na mwaka haukuisha akawa amefunga virago. Mdomo uliponza kichwa, tena mdomo wetu, kichwa chake.

Kula vizuri. Kahawa si chakula.

Dada yako,
Corliss

*

Ohio
3 Oktoba 2010

Dada Corliss,

Wewe binadamu una vidole vya cherehani! Juzi nilikuwa nimekaa napiga miayo, kope zimegandana, nikakusikia unatwanga tu, taka-taka-taka, nikaona haya. Nikaandika kurasa — haya, sisemi. Kanuni ni kanuni.

Idarani ni yale yale. Sisi wawili tulikuwa watu weusi wawili, sasa nimebaki mmoja, kwa hiyo kila likitajwa jambo la utumwa darasani, vichwa vyote vinanigeukia, utadhani nilikuwepo. Bi Lurlene wa mapokezi anakusalimu. Kiti chako hajampa mtu, amekiwekea mmea wake mpaka urudi.

Ridgeway amenirudishia sura yangu ya pili. Pembeni ameandika "Kwa hiyo?" Mara saba, dada. Nimehesabu. Nimekaa miaka mitatu nawafuata wasusi wa mji wa Gary, bibi yangu akiwemo, waliogeuza saluni zao vituo vya kuwaandikisha watu kupiga kura, halafu mtu anauliza "Kwa hiyo?" Nimempigia bibi nikamwambia narudi nyumbani kusuka. Akasema, "Njoo, lakini kichwa cha mteja ukikianza unakimaliza. Sitaki watu wanaoacha kichwa nusu."

Nilipokasirika sana nikachukua zile sura zako mbili ulizoniachia, nikazisoma tena. Kurasa tisini, na hakuna hata moja niliyotaka kuiruka. Pale Bi Ernestine Pettway anapofungasha chaki zake kwenye leso nililia kama mtoto. Kwa nini humpelekei Ridgeway? Najua, najua. Bado mbichi. Mbichi yako ni mbivu ya watu wengine.

Mdogo wako,
Renelle

*

Macon
16 Januari 2011

Renelle wewe,

Acha kulilia "Kwa hiyo?" Si tusi, ni mtu anabisha hodi. Mfungulie. Chukua ile sura, msomee bibi yako kwa sauti kwenye simu. Atakapokwambia "endelea, mwanangu," acha kama ilivyo. Atakapoanza kukuuliza umekula nini, hapo pamekufa, pafute. Mimi hufanya hivyo na Mama. Juzi alisinzia nikiwa kwenye ukurasa wa pili wa nadharia. Nikaufuta wote.

Nilikwenda kumwona Bi Ernestine Jumapili baada ya ibada. Ana miaka tisini na moja na bado anasahihisha hotuba ya mchungaji kwa penseli. Nilimuuliza swali nililokuwa naliogopa: mbona hukupigania kazi yako? Akanikatia kipande kingine cha pai ya viazi vitamu. Halafu akasema, "Tulikuwa saba. Walimbakiza mmoja, rafiki yangu. Tulikuwa tukila chakula cha mchana pamoja miaka kumi na minne. Nilingoja aseme neno. Sikutaka mabango wala nini, mwanangu. Neno moja tu, kwamba Ernestine anafundisha vizuri."

"Akasema?"

"Kula pai."

Nimerudi nyumbani nikayaandika yote kabla sijavua koti. Hiyo ndiyo sura ya tatu, nimeshaijua.

Mama amesimama dakika mbili jana. Alipokaa alidai apigiwe makofi, tukampigia.

Dada yako,
Corliss

*

Ohio
17 Aprili 2011

Dada Corliss,

Samahani kwa ufupi wa barua. Wiki hii ilikuwa ya kupima maendeleo ya wanafunzi wote, watu roho mkononi. Sura yangu ya pili imepita. "Kwa hiyo?" imebaki moja tu!

Profesa Ridgeway aliulizia habari zako. Nikamwambia u mzima, unamuuguza mama.

Huku theluji imekataa kuondoka. Msalimie Mama.

Renelle

*

Macon
22 Mei 2011

Mdogo wangu,

Hongera. Nilijua itapita. Mama amepika keki ya siagi kwa mkono mmoja kukupongeza, mimi nikiwa mkono wa pili. Tumeila sisi, maana wewe uko mbali.

Ahsante kwa kumwambia Ridgeway kwamba mimi mzima. Aliuliza lingine?

Ukikumbuka lolote niandikie. Hata liwe dogo. Hata kama ulijibu vibaya, au hukujibu. Mimi si mtu wa kukasirika haraka, unanijua.

Corliss

*

Ohio
5 Juni 2011

Dada Corliss,

Keki mmeila bila mimi, Mungu anawaona.

Hapana, hakuuliza lingine. Alikuwa anapita tu kwenye korido. Usijali mambo ya huku, wewe andika. Kila alfajiri nikisikia vidole vyako najua kuna mtu mmoja duniani anayejua ninafanya nini na kwa nini. Ukiacha wewe, na mimi nimekwisha.

Nakupenda sana,
Renelle

*

Macon
4 Desemba 2011

Renelle,

Umesema nikiacha umekwisha. Sijaacha. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja.

Habari za huku: jioni ninamsaidia Mjomba Roscoe kwenye nyumba yake ya mazishi. Anahitaji mtu wa kuandika vile vijitabu vya wasifu wa marehemu, vinavyogawiwa kanisani. Yule kijana aliyekuwa akiviandika alimwandikia mama mmoja marehemu kwamba ameacha watoto watano, wakati anao sita. Wa sita alisimama katikati ya ibada akauliza yeye ni mtoto wa nani. Mjomba hajapona aibu ile.

Mwalimu wangu mmoja amefariki, Bi Clotilde. Wamebaki kumi.

Sura yako ya tatu, usiifungue kwa takwimu. Ifungue na bibi yako ameshika kitana. Watu wakishaingia saluni hawatoki.

Corliss

*

Ohio
12 Machi 2012

Dada Corliss,

Nimemaliza sura ya nne! Leo asubuhi, ulisikia nilivyopiga kelele? Nilivunja kanuni nikakwambia kwenye simu, "Leo umeandika kwa kasi, dada, umenivuta kama gari moshi!" Ukasema tu, "Rudi mezani." Hata kupongezwa kwako kunatia hofu.

Sitauliza uko sura ya ngapi. Lakini moyoni nakuhesabia. Nadhani umeshanipita, unanisubiri tu tumalize pamoja, ndivyo ulivyo. Nimeshawaza siku yenyewe: sisi wawili na majoho, Mama yako na bibi yangu mstari wa mbele wakigombana ni kofia ya nani kubwa zaidi.

Mdogo wako,
Renelle

*

Ohio
3 Juni 2013

Dada Corliss,

Nimeanza barua hii mara nne. Nitaiandika kama inavyokuja.

Tarehe ishirini na nne Mei niliitetea tasnifu yangu, nikapita. Hilo nilikwambia kwenye simu, ukasema "Namshukuru Mungu" kwa sauti ambayo sijaacha kuisikia. Ijumaa iliyopita nikaenda mapokezi na keki, nikamwambia Bi Lurlene kwa furaha zangu zote, "Toa mmea kwenye kile kiti, wa pili yuko njiani." Bi Lurlene akaweka kipande chake cha keki chini. Akasema, "Mwanangu, Corliss alifutwa Mei ya mwaka elfu mbili na kumi na moja. Nilidhani unajua. Kiti nimekiacha vile kwa sababu sikuwa na moyo wa kukitoa."

Miaka miwili, dada. Miaka miwili kila alfajiri umenipigia, umeniuliza kama niko mezani, nami nimekusikia unaandika. Ulikuwa unaandika nini?

Sasa na mimi niseme langu, maana mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe ndicho hiki. Ile Aprili Ridgeway aliuliza lingine. Hakuwa anapita kwenye korido. Aliniita ndani. Walikuwa watatu mezani, faili lako mbele yao. Akasema, "Miezi minane hatujaona karatasi. Wewe ndiye mtu wake wa karibu. Mwenzako anaandika, au amekata tamaa?" Walikuwa wanatafuta sababu ya kukuongezea mwaka. Niliona hilo. Nilikuwa na kurasa zako tisini kwenye mkoba, dada. Kwenye mkoba, begani mwangu.

Sikusema kitu. Nilitazama zulia.

Nimejiambia miaka miwili kwamba ilikuwa kanuni. Humsemi dada yako, si kwa ubaya, si kwa wema. Lakini kanuni ilikuwa kisingizio. Sura yangu ilikuwa mezani pale pale, chini ya faili lako, na niliogopa wasije wakatuhesabu sote kundi moja, wale wanaosuasua. Halafu ukaniuliza, ukanifungulia mlango kabisa, nami nikakudanganya.

Sina la kuomba. Nimetaka tu ulijue kutoka kwangu.

Renelle

*

Macon
11 Juni 2013

Renelle,

Nililijua.

Barua ya kunifuta ilifika tarehe kumi na tisa Mei. Mistari mitatu, kama ile iliyomfukuza kazi Bi Ernestine. Mmoja ulisema kwamba hata mwanafunzi aliye karibu nami hakuweza kuthibitisha kuwa ninaandika. Nilipokuuliza "Aliuliza lingine?" barua hiyo ilikuwa mbele yangu, imeegemea kopo la sukari.

Nilikuwa nimekuandalia msamaha, mtoto wewe. Nilikuwa nimeshaukata na kuuweka kwenye sahani, ulichotakiwa kufanya ni kuandika mstari mmoja. Ukaniandikia habari za keki.

Ukiniuliza nilikuwa naandika nini: wafu wa Mjomba Roscoe. Jioni sikuweza tena, Mama alikuwa akinihitaji, basi vijitabu vyao nikavihamishia alfajiri. Nilikuwa na kazi ya kuandika, na wewe ulihitaji vidole. Ile asubuhi uliyomaliza sura ya nne, uliponiambia nimeandika kwa kasi, nilikuwa naandika wasifu wa Bi Ernestine Pettway. Alikuwa amefariki Ijumaa. Kweli niliandika kwa kasi. Habari zake nilizijua zote.

Utasema, mbona hukuacha? Nilitaka kuacha. Asubuhi ya kwanza baada ya barua yako ya uongo nilishika simu nikupigie nikutukane. Ukapokea usingizini, ukasema, "Niko mezani, dada," hata kabla sijakuuliza. Nikasikia ukivuta kiti. Nikashindwa. Kisha ikawa mazoea. Na kila alfajiri nilisema moyoni, leo atasema. Nilikuwa nakusikiliza kuliko nilivyokuwa naandika.

Usidhani natubu dhambi zako tu. Na mimi ninazo. Kanuni zile nilizitunga mimi. Ningempelekea Ridgeway zile kurasa tisini zikiwa mbichi, leo tusingekuwa hapa. Nikaona ni heshima kungoja ziive, kumbe ni woga uliovaa kofia ya kanisani. Ningeweza kukuuliza waziwazi pia. Kiburi kikanikaba. Nikawa Bi Ernestine, nangoja rafiki aseme neno, na nilishaandika sura nzima kuonyesha ubaya wa kungoja hivyo.

Lipo jambo moja hulijui, nami nasikitika kukuambia. Barua ile ilisema naweza kurudishwa nikipata mtu wa idara hiyo aliyeisoma kazi yangu na kuishuhudia, mradi iwe kabla masomo niliyokwisha kufaulu hayajaisha muda wa kutambuliwa. Aliyeisoma ni mmoja tu. Muda wenyewe ulikwisha tarehe thelathini na moja Mei.

Ulikula keki na Bi Lurlene siku hiyo hiyo.

Sitakuja kwenye sherehe. Usinitumie nauli, usinitumie maua.

Corliss

*

Ohio
23 Juni 2013

Dada Corliss,

Nilikwenda. Najua umesema muda umekwisha, nikaenda hata hivyo. Nilibeba kurasa zako tisini, nikaketi mbele ya Ridgeway na mkuu wa kitivo, nikawasomea kwa sauti, tangu pale Bi Ernestine anapofuta ubao mpaka anapofunga chaki kwenye leso. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini. Mkuu wa kitivo alivua miwani. Akasema, "Huu ni ushahidi mzuri sana. Ungefaa mno miaka miwili iliyopita." Ridgeway hakusema "Kwa hiyo?" Alitazama zulia.

Wamekataa. Walikuwa wapole, na wamekataa. Maji yamemwagika, dada, nami ndiye niliyekuwa nimeshika ndoo.

Bibi yangu nilimweleza yote. Nilitaka anionee huruma. Akaniuliza tu, "Kichwa cha huyo mwanamke umekiacha nusu?" Akakata simu.

Tangu barua yangu ile simu haijalia. Nimeendelea kuamka. Saa kumi na moja nakaa mezani, tasnifu imekwisha, sina cha kuandika, nakaa tu. Kunapokucha naondoka.

Kitabu chenye jina langu, ambacho wewe ndiye uliyenisukuma mpaka kikaisha, nimeambiwa nitakiona maktaba mwezi wa nane. Sijui nitapita wapi kukikwepa.

Renelle

*

Macon
2 Julai 2013

Renelle,

Mama amesoma barua yako bila ruhusa, kama kawaida yake. Amesema, "Huyu mtoto amechelewa, lakini amekwenda. Wengine hawaendi." Nikamwambia asiingilie. Akasema nyumba ni yake.

Walimu wamebaki sita. Kanda nilizorekodi sauti zao ziko kwenye makabati ya Mjomba Roscoe, juu ya masanduku ya mashada ya maua. Sitaitwa Dakta, uzamivu umenipita. Nimelisema hilo kwa sauti mbele ya kioo mara kadhaa na bado linauma, na nadhani litaendelea kuuma kila Mei nitakayoishi. Lakini wale sita hawajui mambo ya vyeti. Bi Nazarene ameniuliza jana kitabu kimefika wapi. Nikasema kiko njiani. Na mimi uongo naujua.

Sasa sikiliza utaratibu mpya. Miaka mitatu nimekupigia mimi. Jumatatu utanipigia wewe, saa ile ile. Usiniulize kama niko mezani. Mtu anaweza kuwa mezani miaka miwili na asiwepo. Niulize ninaandika nini, na kurasa ngapi, na nani amezisoma, nami nitakujibu, hata kama jibu ni aibu. Kisha na mimi nitakuuliza, ni nani umemwona idarani amekaa peke yake, na umemsemea nini, na mbele ya nani. Ukinijibu zulia, nakata.

Sijakusamehe bado. Nilidhani kufikia mwisho wa barua hii nitakuwa nimeshafanya hivyo, lakini sijafanya, na sitaki tena kukuandikia kisicho kweli.

Nipigie.

Corliss